Ulimi wa Ukindu

Kama umekuja kwangu na zumari mkononi, iweke kwanza juu ya mkeka, kisha ukae. Usipulize. Najua unataka kupuliza, maana kila kijana anayepita mlango huu hufika mashavu yakiwa yamejaa tayari. Nimekuwa fundi wa zumari hapa Rumonge tangu mvi hazijaota, na wote walioanza kwa kupuliza waliishia kutoa upepo, mate na lawama. Wakasema zumari ni mbovu. Wakasema nimewaficha dawa. Mmoja wa Kabonga, kijana mwenye kifua kipana kama mlango, alipuliza mpaka akazimia juu ya chungu cha mke wangu, na maharage ya siku ile tukayaokota mchangani.

Mimi mwenyewe sipigi tena. Meno yamebaki manne na midomo imelegea. Kazi iliyobaki ni kuwaambia ukweli, na ukweli wa kwanza ni kwamba nilikaa siku kumi na tisa na zumari mdomoni bila kutoa hata sauti ya chura. Na siku hizo sikuwa najifunza kwa kujifurahisha. Mke niliyemtaka alikuwa ndani, na mlango ulikuwa unangoja zumari.

Ulikuwa wakati wa Wadachi. Wao wenyewe walikaa Usumbura, sisi huku tuliwaona askari wao tu, wakipita na bunduki na daftari la majina. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeshapita miaka thelathini, na kazi yangu ilikuwa kukamua mawese. Waliniita Hamisi Mawese, kwa sababu hata nikioga ziwani mara tatu bado nilinuka mafuta. Nilikuwa nimempenda Zaituni, binti wa Bi Salama msuka mikeka. Zaituni alikuwa na ulimi mkali na macho ya kucheka, na alinifaa sana mimi mtu wa mafuta, maana maneno yake yaliteleza juu yangu bila kunikata.

Nilipopeleka posa, Bi Salama hakuniuliza kabila wala ukoo. Aliendelea kusuka ukili wake, vidole havikusimama, akasema:

“Hamisi, sikukatalii. Weye iko mutu wa kazi. Lakini musikilize. Mimi nililetwa hapa kwa mutumbwi, kutoka ngambo ya ziwa, nikiwa mutoto. Nikatiwa mu nyumba ya mutu kama vile banatia gunia ya chumvi. Hakuna aliyepiga hata kopo. Yule mutu alikufa, na mpaka leo banauliza kama niliolewa ao nilinunuliwa. Zaituni hatatoka kimya. Zumari ikilia mbele ya mulango huu, atatoka. Isipolia, atabaki na mimi, tutasuka mikeka.”

Nyinyi vijana wa leo huenda mkaona ni ukaidi wa mama mkwe. Haukuwa ukaidi. Siku zile mwanamke aliyetolewa kwa zumari, mji mzima ulikuwa shahidi kwamba ameolewa, ni mke wa ndoa, si suria wa mtu. Aliyetolewa kimya aliulizwa maswali mpaka kaburini, na watoto wake waliulizwa pia. Bi Salama alijua bei ya ule ukimya kuliko mtu yeyote.

“Mama,” nikamwambia, “Mzee Feruzi ni mugonjwa.”

“Najua.”

“Basi nani atapiga?”

“Iyo ni kazi yako,” akasema, akaukata ukili kwa meno.

Mzee Feruzi ndiye aliyekuwa mpiga zumari pekee upande wetu wote wa ziwa. Alizaliwa pwani, akaja Ujiji na misafara, kisha akahamia Rumonge. Mwaka ule aliamka asubuhi moja upande wa kushoto wa uso wake umelala. Jicho lilitoa machozi bila kilio, mdomo ulikwenda upande, na chai ilimwagika kidevuni. Aliweza kutembea, kusema na kukasirika, lakini zumari inataka midomo iliyofunga pande zote, na yake ilivuja. Alikuwa ameivika zumari yake mfuko na kuitundika juu ya kitanda, na hakupenda mtu aitazame.

Muda nao ulikuwa mfupi. Ramadhani ilikaribia, na mnajua Ramadhani hakuna harusi ya ngoma. Baada ya Idi jina langu lilikuwa kwenye daftari la wapagazi, na waliokwenda kubeba mizigo ya Wadachi si wote waliorudi. Ngoma bila ruhusa ilikuwa viboko, kwa hiyo nilikwenda kwa ombasha wa askari, naye akanipa Alhamisi ya mwisho ya Shaabani, kuanzia adhuhuri mpaka jua kuzama. Nikahesabu, zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita.

Nikaenda kwa Mzee Feruzi nikamwambia nataka anifundishe. Alinitazama kwa jicho lake zima.

“Weye? Mikono inateleza, mafuta matupu.”

“Nitaiosha.”

“Na mimi nitakuonesha kwa mudomo gani?”

Nikamwambia aniambie tu, nitafuata. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilikuwa nimeshazivua mbele ya Bi Salama. Akaitungua zumari juu ya kitanda, akaivua mfuko.

Hapa niwaeleze kidogo, kwa sababu wengi wenu mnaishika zumari bila kujua ni nani anayelia. Si mti. Mti ni nyumba tu, una matundu ya vidole na mdomo mpana mbele. Juu yake kuna kijiti cha shaba chenye tundu, na katikati ya kijiti kuna kisahani cha kifuu cha nazi. Ncha ya kijiti ndipo unapofungwa ulimi: vipande viwili vyembamba vya jani, vimelala pamoja, vimefungwa uzi chini, vimeachwa wazi juu kidogo sana, kama kope za mtu anayejifanya amelala. Hivyo viwili vinapogombana ndipo zumari inapolia. Kazi yako ni kuwapa upepo wagombane, na kutowashika.

Mzee Feruzi aliniambia maneno hayo hayo siku ya kwanza. “Ulimi wote uingie mudomoni. Midomo ikae juu ya kisahani. Usiushike.” Nikasema ndiyo, mzee. Kisha nikaushika. Kuna vijana mnaonitazama hivi sasa mkitikisa vichwa, na mkifika nyumbani mtaushika vilevile.

Sikutoa kitu. Upepo tu, kama mtu anayepoza uji. Siku ya tatu nikaona kwamba mzee labda amesahau, au anajificha, nikaenda kutafuta mwalimu mwingine. Miongoni mwa askari kulikuwa na mpiga tarumbeta, Msukuma mmoja mkarimu jina lake Masanja. Akaniambia tarumbeta na zumari ni ndugu. Akanifundisha kubana midomo na kuitetemesha, prrrr, kama punda. Siku nne nilitembea Rumonge nikifanya prrrr. Wanawake sokoni walinisogezea maji wakidhani nina homa. Midomo ikavimba. Nikarudi kwa Mzee Feruzi kwa fahari, nikambania zumari ile midomo ya Kidachi, nikatetemesha.

Mzee alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu uso umlale, na alicheka kwa upande mmoja, akashika shavu lililokufa ili lisimwangushe. “Tarumbeta haina ulimi,” akasema, “kwa hiyo midomo ya mutu inakuwa ulimi. Huyu iko na ulimi yake. Weye unataka kumusaidia mutu ambaye hajakuomba.”

Siku saba zilikuwa zimekwenda.

Kosa la pili ndilo ninaloliona aibu mpaka leo, na ni kosa ambalo mtu wa Ujiji au wa pwani asingelifanya. Lilitaka mtu wa Rumonge. Sisi huku kila kitu kigumu tunakipaka mawese. Ngozi ya ngoma ikikauka, mawese. Kamba ya mtumbwi, mawese. Goti la bibi, mawese. Mzee Feruzi alinipa ulimi mmoja kati ya mbili alizobaki nazo niende nao nyumbani, akaniambia uwe laini kabla ya kupuliza. Nikasikia neno laini. Basi nikachukua mawese safi, yale mekundu ya kwanza ya kukamua, nikauzamisha ulimi ndani ya kikombe kutoka alasiri mpaka asubuhi. Nilijiona nimekuwa fundi.

Asubuhi ulikuwa laini kweli. Ulikuwa laini kama jani la mchicha lililopikwa, na vipande viwili vimeshikana kama mume na mke siku ya kwanza. Nikampelekea mzee. Aliunusa, akaufuta kwenye kanzu yake, akauweka juu ya jiwe.

“Umemuua,” akasema.

“Nitaukausha juani.”

“Ukaushe mpaka Idi. Maji yanaingia mu jani na yanatoka. Mafuta ikiingia haitoki tena.”

Hakunipiga wala hakunifukuza. Angenifukuza ningejisikia nafuu. Ulimi wa mwisho ulipasuka siku mbili baadaye, kwa sababu niliung’ata. Nilikuwa nimekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hubana meno. Zilikuwa zimepita siku kumi, na katika mji mzima hapakuwa na ulimi mwingine hata mmoja.

Nitawaambia jambo la baadaye, kisha nirudi. Baada ya Idi nilikwenda na wapagazi kweli. Njia ya kaskazini kandokando ya ziwa, jua juu, mzigo kichwani, na zumari nimeificha ndani ya mkeka wangu. Siku ya pili tulipopumzika nikapiga kidogo, askari mkuu wa msafara akaja mbio. Nilidhani ni viboko. Akaniambia tangu leo utatembea mbele ukipiga, watu wanatembea haraka zaidi. Mzigo wangu wakagawiwa wenzangu wawili, na hao wawili hawakunisemesha mpaka Usumbura. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema zumari haibebi mtu, mwambieni ilinibeba mimi. Lakini ilinibeba kwa ulimi nilioufunga kwa mkono wangu, na huo niliupata kwa taabu ninayotaka kuwaeleza.

Ndimi za Mzee Feruzi zilitoka Ujiji, za jani la mvumo, mti usioota kwetu. Kwenda Ujiji kwa mtumbwi na kurudi kungekula siku zote nilizobaki nazo, tena upepo ule haukuwa wa kuaminika. Nikasema jani ni jani. Nilijaribu jani la mchikichi, kwa kuwa michikichi ndiyo tuliyojaliwa, likapasuka kwa urefu kama kuni. Nilijaribu tete la ziwani, likawa nene. Nilijaribu ganda la mgomba, na hilo tusilizungumze.

Siku ya kumi na nne nilikuwa ufukoni nikichonga upuuzi mwingine, Zaituni akaja kuosha nguo. Posa ikishapokelewa hatukutakiwa kusemeshana, lakini aliniinamishia kichwa akifua, akasema na maji:

“Watu banasema bwana wangu iko nachonga mujiti kila siku. Sijui ananitaka mimi ao anataka kuwa sermala.”

“Natafuta jani,” nikayaambia maji na mimi. “Jani jembamba, gumu, lisilopasuka, linywe maji na kuyatema.”

Alikamua nguo. Kisha akasema, “Weye unatafuta ukindu. Mama anaulalia kila siku.”

Nilijisikia mjinga mpaka miguuni. Mkindu unaota mabondeni kwetu, makuti yake machanga ndiyo wanawake wanayoyakata, wanayachemsha, wanayaanika na kuyasuka mikeka. Nilikuwa nimesali juu ya ukindu maisha yangu yote. Lakini kazi ya wanawake tunaitazama kama tunavyotazama mlango: tunapita tu.

Nikaenda kwa Bi Salama, nikasimama uani kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nikamwambia naomba ukindu. Hakuuliza wa nini. Alinitazama midomo, ambayo bado ilikuwa imevimba, na nadhani alijua hapo hapo nani atapiga. Akaingia ndani akarudi na kitita.

“Huu haufai,” akasema, akautupa kando. “Huu ulichumwa umezeeka. Chukua wa katikati, ambao haujafunguka. Nimeuchemusha mara moja tu. Ukichemuka mara mbili unalegea, unasuka vizuri lakini hauna nguvu.” Akavuta jani moja kati ya kucha mbili, likatoa sauti ndogo, tiii, karibu na sikio lake. Akavuta lingine, likanyamaza, akalitupa. Akanichagulia saba. Kwa miaka yote niliyofunga ndimi nimechagua majani hivyo hivyo, kwa kucha na sikio, na wanaonisifu kwa ufundi huo wanamsifu msuka mikeka bila kujua.

“Murakoze, mama,” nikasema.

“Usishukuru. Piga.”

Siku hizi nyinyi mnafunga kwa uzi wa dukani, na mrija wa shaba mnautoa kwenye taa mbovu. Ni vizuri, sina ugomvi. Sisi tulifunga kwa uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki, Mzee Feruzi akielekeza na mimi nikishona vidole vyangu. Ulimi wa kwanza ulikuwa mpana, wa pili ulifunguka, wa tatu ukakaa. Tukauloweka kwenye maji, si kwenye kitu kingine, na mzee alisimama karibu na kikombe kukilinda.

Bado haukulia. Siku ya kumi na sita, ya kumi na saba, hapana. Mzee akasema ulimi mzima, tatizo ni mimi, bado naushika. Nikamwapia kwamba siushiki. Nilikuwa naamini kiapo changu. Midomo ina akili yake, na hofu ikiingia, hubana bila kukuuliza.

Hapo ndipo yule mzee alipofanya jambo ambalo nimelirithi na ninawafanyia nyinyi, na mkinuna nuneni. Alichukua masizi chini ya chungu, akaupaka ulimi kwa nje, kidogo. Akaniambia puliza. Nikapuliza upepo. Akaniletea maji kwenye beseni nijitazame. Midomo yangu ilikuwa na mistari miwili myeusi.

“Nani alishika?” akauliza.

Hakuweza kunionesha kwa mdomo wake, basi akaufanya mdomo wangu unishitaki. Siku tatu nilipuliza na masizi. Kila nilipotoka kwake nilikuwa na midomo ya mkaa, na wavuvi wakiniona walisema Hamisi ameacha mawese sasa anakula chungu. Niliumia, lakini niliendelea. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kila mara mistari ilipungua: kwanza mizima, kisha nusu, kisha alama moja upande wa kulia. Nilijifunza kuiacha taya ishuke, kulijaza shavu, kuiegemeza midomo kwenye kisahani na kumwacha yule wa ndani aseme mwenyewe. Ni kama kumkaribisha mgeni ndani na kujizuia usimshike mkono.

Siku ya ishirini, baada ya sala ya adhuhuri, mzee alitoa ulimi na kijiti chake kwenye zumari, akaupaka masizi, akanipa peke yake. Akasema tuache nyumba, tumsikilize mwenye nyumba. Nikauingiza wote. Nikaegemea kisahani. Nikapuliza, si kwa nguvu, kwa kuendelea.

Kitu kikakoroma ndani ya kichwa changu.

Msifikiri ilikuwa tamu. Ilikuwa sauti ya bata aliyekanyagwa. Kuku wa mzee walikimbia. Lakini ilitikisa meno yangu na mfupa wa pua, na nikajua kwa mwili wangu wote kwamba haikuwa mimi, ilikuwa yeye. Sikuacha kupuliza mpaka pumzi ikaisha. Kisha nikajitazama kwenye beseni, midomo ilikuwa safi. Nikamtazama Mzee Feruzi. Jicho lake la kushoto lilikuwa linatiririka machozi, lakini hilo lilitiririka kila siku kwa ajili ya ugonjwa. Kwa hiyo nikatazama la kulia, na la kulia nalo.

“Sasa rudisha mu nyumba,” akasema, akanipa zumari.

Zilibaki siku sita. Ndani ya siku sita mtu hawezi kuwa fundi. Nilipata sauti nne, basi, nne tu, na wimbo mmoja mfupi unaozunguka. Siku hizo nilijifunza hasa pumzi, na hili mlifanye hata kama mtasahau mengine. Chukua mrija wa tete, uchovye kwenye kibuyu cha maji, upulize mapovu. Pumzi inapokaribia kuisha, jaza mashavu, yasukume yale mapovu kwa mashavu huku pua inavuta nyingine. Mapovu yasikatike. Ni viriba viwili vya mhunzi, kimoja kinajaa kingine kinatoa. Nilinyeshea bustani nzima ya mzee kwa maji niliyoyamwaga, na siku ya tano mapovu hayakukatika.

Ikawa Alhamisi. Asubuhi mwalimu wa msikiti alifunga nikaha, na kwa sheria Zaituni alikuwa mke wangu. Lakini sheria ya Bi Salama ilikuwa bado.

Mnajua adabu ya bwana harusi. Anatembea katikati ya watu, macho chini, kilemba kichwani, kimya kama mgeni kwenye nyumba ya msiba. Wenzangu walikuwa na ngoma mbili na upatu. Mimi nikatoka na kanzu, kilemba na zumari. Watu wakacheka. Shangazi yangu Mariamu akanivuta mkono.

“Hamisi, bwana harusi hanyanyui hata macho. Weye unanyanyua zumari?”

“Shangazi, kuna mwingine?”

Akatazama umati. Mzee Feruzi alikuwa amesimama pale, kajifunika shavu kwa kitambaa. Shangazi akaniachia mkono.

Nikapiga. Sauti nne, wimbo mmoja unaozunguka. Kicheko kiliendelea kwa hatua labda ishirini, kisha kikafa chenyewe, kwa sababu zumari haingoji mtu amalize kucheka. Wavuvi walioanika ndagala walisimama. Wakamuaji wenzangu walitoka kwenye michikichi mikono myekundu. Njiani ulimi ulianza kukauka, nikaulainisha kwa mate bila kuacha, na nilihisi mdomo wa chini umepasuka kwa sababu nilionja chumvi. Sikusimama. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nikisimama sitaweza kuanza tena, na mlango ule utabaki umefungwa.

Tukafika. Wanawake walikuwa wameketi kizingitini kama kawaida, wadai kifungua mlango na kututania. Nyuma yao akatokea Bi Salama. Alikuwa amevaa nguo mpya, amejitanda, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona bila ukindu, ilikuwa mitupu. Aliwagusa wanawake mabegani wakampisha. Akaja mpaka mbele yangu.

“Umechoka?” akauliza.

Nilikuwa na ulimi mdomoni, nikatikisa kichwa kwamba hapana. Ulikuwa uongo.

“Basi usinyamaze.”

Akanipita. Akashika njia ya ziwani, peke yake, wala hakugeuka nyuma kutazama kama namfuata. Nikamfuata. Wapiga ngoma hawakujua la kufanya, wakaacha. Watu wakafungua njia pande mbili. Alitembea polepole, kichwa kimeinama, kwa mwendo ule ambao mnaujua, mwendo wa bibi harusi, na mimi nyuma yake na zumari. Wanawake watu wazima ndio walioelewa kwanza. Nikasikia kigelegele kimoja, cha sauti ya kizee, kisha vingine.

Alikwenda mpaka pale mitumbwi ya ng’ambo hufikia. Akasimama pale maji yanapolamba mchanga, akatazama upande wa pili, kwenye milima ya kule walikomtoa. Mimi nilikuwa nalia, na kulia huku unapiga ni jambo baya kwa pumzi, msilijaribu. Sauti iliyumba, lakini haikukatika. Sijui tulisimama pale kwa muda gani. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na ombasha alikuwa amesimama kando, kiboko chake kikwapani.

Kisha Bi Salama akageuka. Akarudi kwa njia ileile, mwendo uleule, watu wote nyuma yetu sasa, mpaka mlangoni kwake. Akausukuma mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaita ndani:

“Zaituni, toka, mama.”

Na mimi nilikuwa bado napiga.